Paa Kwanza: Kijitabu cha Kupanga Ukumbi wa Michezo wa Mtaa

Kijitabu hiki ni cha kamati za mitaa, walimu wa michezo, viongozi wa vilabu na madiwani wa miji ya pwani: Dar es Salaam, Tanga, Mtwara, Zanzibar, Mombasa na jirani zake. Tunachukulia kwamba mna kiwanja, au mna ahadi ya kiwanja, na mnataka vijana wenu wacheze bila kukimbizwa na jua la saa tisa wala mvua ya masika. Kuchora ramani ni kazi ya msanifu majengo aliyesajiliwa, nasi hatutaki kumnyang'anya kazi yake. Tunataka mkikaa naye mezani mjue la kuuliza, la kukataa, na fedha zenu ziende wapi kwanza.

Jibu letu kwa hilo la mwisho tunalitoa mapema: fedha ziende kwenye paa. Mengine yote yanaweza kusubiri mwaka ujao au msimu ujao wa michango. Paa baya halisubiri. Litavuja, litapiga joto, litapiga kelele, na siku moja upepo utaliezua.

Picha ya kwenye simu

Kamati nyingi zikiulizwa zinataka ukumbi wa namna gani, hutoa simu na kuonyesha picha. Ni jengo lililofungwa pande zote, vioo vimejaa mbele, viyoyozi vimepangwa juu. Jengo la aina hiyo lilibuniwa kwa nchi zenye baridi kali, ambako adui wa mchezaji ni theluji na kazi ya ukuta ni kuzuia joto lisitoke. Ukilileta Temeke au Likoni, ukuta uleule utafanya kazi ileile kwa uaminifu: joto halitatoka.

Mwili wa mchezaji hupoa kwa jasho linalokauka. Pwani, hasa kati ya Desemba na Machi, hewa imeshajaa unyevu, kwa hiyo jasho hubaki limeganda mgongoni hata pale ambapo kipimajoto kinaonyesha nyuzi 31 au 32 tu. Kinacholikausha ni hewa inayotembea. Ndiyo maana mtu anayekaa kibarazani penye upepo anapumua vizuri kuliko aliye ndani ya chumba chenye joto lilelile. Ukumbi wa michezo wa pwani ni mtambo wa kupitisha hewa juu ya ngozi za watu, na usanifu wake wote uanzie hapo.

Kuna pia suala la LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ukumbi wa mita 38 kwa 22 ukiwekewa taa za LED za kutosha mazoezi na mechi za mtaa, zote kwa pamoja zitatumia takriban kilowati 4. Zikiwaka saa nne kila usiku ni uniti 16. Ukumbi huohuo ukifungwa na kupozwa kwa viyoyozi, pamoja na watu mia wanaorukaruka ndani, mtahitaji kilowati 40 au zaidi kwa ajili ya ubaridi peke yake. Hiyo ni mara kumi ya taa. Mfadhili anaweza kuwanunulia viyoyozi, lakini hatawanunulia umeme kwa miaka ishirini.

Je, mnahitaji kuta?

Kabla ya kuagiza ramani ya ukumbi, jiulizeni kama kivuli kikubwa kilichojengwa vizuri hakitoshi. Katika Kaunti ya Nyeri nchini Kenya kuna shule ya sekondari ya Mahiga Hope ambayo tangu mwaka 2010 ina uwanja wa mpira wa kikapu wenye paa na pande zilizo wazi. Paa lile hukinga mvua ikaingia kwenye matangi ya shule, katika eneo ambalo ukame si habari ngeni, na juu yake kuna paneli za jua. Wanafunzi wanacheza chini yake, wanafanya mikutano chini yake, na maji wanayotumia yametoka juu ya vichwa vyao. Hakuna aliyelalamika kwamba hakuna vioo.

Dar es Salaam nayo ina Kidongo Chekundu, kituo cha michezo cha vijana chenye jina la Rais mstaafu Jakaya Kikwete, kilichofunguliwa mwaka 2015. Viwanja vyake viko wazi na watoto wanamiminika. Kwa hiyo watu hawasubiri jengo ndipo wacheze. Wakishakuwa na sakafu nzuri, taa na mtu wa kusimamia, watakuja. Kinachowakwamisha ni jua kali na mvua, na hivyo vyote viwili ni kazi ya paa.

Ushauri wetu basi ni kujenga kwa awamu. Awamu ya kwanza ni msingi, jamvi, nguzo, paa, taa, maji na vyoo. Awamu ya pili ni kuta za matundu, baraza na vyumba vya kubadilishia. Ya tatu, kama ipo, ni vyumba vidogo vya ngumi, mpira wa meza au mazoezi ya viungo. Msanifu aambiwe hivyo tangu siku ya kwanza, ili nguzo na misingi viwe tayari kupokea kitakachofuata. Kigali ina BK Arena ya watazamaji takriban 10,000, iliyofunguliwa mwaka 2019, na ni jengo la kujivunia. Lakini lina mkoba wa taifa nyuma yake. Mtaa hauna mkoba huo.

Ukubwa: anzeni na mpira wa pete

Kumbi nyingi hupimwa kwa mpira wa kikapu, kisha wasichana wa mpira wa pete wakifika wanakuta uwanja wao hauenei. Fanyeni kinyume. Uwanja wa mpira wa pete una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, na unataka nafasi ya mita 3.05 kuuzunguka. Jumla ni kama mita 36.6 kwa 21.4. Mkiweka ndani mita 38 kwa 22 umeenea, na mpira wa kikapu nao (mita 28 kwa 15, pamoja na mita 2 za usalama kila upande) unaingia bila shida. Mpira wa wavu, wenye uwanja wa mita 18 kwa 9, unakaa katikati na nafasi inabaki. Viwanja vya mpira wa vinyoya vinaingia vinne, vikilazwa kukatisha upana.

Mpira wa mikono hauingii, kwa sababu unahitaji mita 40 kwa 20 za uwanja wenyewe kabla ya nafasi ya pembeni. Kama mtaa wenu una timu ya nguvu ya mchezo huo, ongezeni urefu na upana tangu mwanzo, na mjue kwamba kila mita ya upana inayoongezwa huongeza uzito wa chuma cha paa kwa kasi kuliko mnavyodhani. La sivyo, mpira wa mikono uchezwe nje.

Kwa kimo, hakikisheni kuna mita 7 zisizo na kizuizi chochote juu ya uwanja: si boriti, si taa, si feni. Mpira wa wavu na wa kikapu vyote vinaomba mita hizo 7. Mpira wa vinyoya wa mashindano makubwa unaomba zaidi, ila tunashauri msilipie kimo hicho kwa ajili ya mashindano ambayo hayatakuja kuchezwa hapo.

Jua, pepo mbili na magoli mawili

Hapa ndipo kamati inaweza kuokoa fedha nyingi bila kutoa hata shilingi, kwa kuligeuza jengo tu kwenye karatasi.

Pwani yetu iko karibu na Ikweta. Jua huchomoza mashariki na kuzama magharibi likiwa chini, linapiga macho na kuingia chini ya upenu wowote utakaojenga. Saa sita mchana liko karibu na utosi. Dar es Salaam, mwezi wa Juni, jua la adhuhuri husogea upande wa kaskazini kiasi cha digrii 30 kutoka utosini. Mwezi wa Desemba husogea kusini kiasi cha digrii 17. Maana yake ni kwamba upande wa kaskazini na wa kusini unaweza kukingwa na upenu wa kawaida, na wa mashariki na magharibi hauwezi. Upenu wa mita 2.5 upande wa kaskazini hutupa kivuli cha zaidi ya mita 4 ukutani adhuhuri ya Juni, na ule wa kusini hutupa kirefu zaidi adhuhuri ya Desemba.

Kwa hiyo jengo lilazwe: urefu wake utoke mashariki kwenda magharibi, pande ndefu zitazame kaskazini na kusini.

Sasa angalieni bahati iliyojificha humo. Magoli ya pete na ya kikapu hukaa kwenye ncha za uwanja, yaani mashariki na magharibi. Mfungaji anayelenga goli hatakiwi kuona mwanga mkali nyuma ya ringi. Ncha hizo ndizo ambazo jua la asubuhi na la jioni lingeingilia. Zijengwe kuta nzima zisizo na madirisha, na tatizo la joto na la macho yataisha kwa tofali moja. Pande ndefu, ambazo mchezaji hazilengi, ziachwe wazi kwa hewa na mwanga. Saa kumi na moja jioni, mazoezi yanapopamba moto, ukuta wa magharibi utakuwa unapokea jua la machweo badala ya kipa wa timu yenu.

Halafu kuna upepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi, msimu ambao ndio wa joto. Kusi hutoka kusini-mashariki, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi. Jengo lililolazwa mashariki-magharibi hupokea pepo zote mbili kwa mshazari kupitia pande zake ndefu. Mabaharia waliokuwa wakisubiri pepo hizi ili waende Uarabuni au warudi wasingehitaji kuelezwa hili. Siku hizi tunajenga tukitazama barabara iko wapi, tukisahau upepo unatoka wapi. Kama kiwanja chenu kimekaa vibaya na barabara inalazimisha uso wa jengo uelekee magharibi, mwekeni msanifu chini ashindane na barabara. Lango linaweza kuwa ubavuni.

Tatizo moja la upepo tulikiri: mpira wa vinyoya na wa meza haviupendi. Kinyoya kinapeperuka. Mkiweka luva zinazofunguka na kufungwa upande unakotoka upepo, wachezaji wa vinyoya wanaweza kuzifunga kwa saa zao, hasa asubuhi kabla upepo haujapanda. Hatuoni sababu ya mtaa mzima kupikwa kwa ajili ya kinyoya.

Paa lenyewe

Wajenzi wa Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Unguja walikuwa na mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba: mita mbili na nusu, labda tatu, hata kwa tajiri. Ndiyo maana vyumba vyao ni virefu na vyembamba. Ukumbi wa michezo unataka mita 22 bila nguzo katikati, na hapo boriti inaishia kuwa historia nzuri.

Njia za kuvuka mita 22 si nyingi. Ya kwanza ni kenchi za chuma. Mbao za msonobari kutoka Sao Hill, Mufindi, zikiunganishwa kitaalamu zinaweza pia, nazo zina sifa ya kuhifadhi hewa-ukaa ambayo mti uliivuta ukikua; lakini kwa upana huu zinahitaji mhandisi aliyewahi kuzifanyia kazi, dawa dhidi ya mchwa, na maungio yasiyoshika kutu. Mianzi inawezekana: huko Chiang Mai, Thailand, shule ya Panyaden ilijenga mwaka 2017 ukumbi wa michezo kwa mianzi mitupu, kenchi zake zikivuka zaidi ya mita 17. Mianzi ile ilitibiwa kwa chumvi ya boraksi, na mafundi wake wanaijua kama wavuvi wetu wanavyojua mitumbwi. Msianze kujifunza mianzi kwa kujenga paa la mita 22.

Njia nyingine ya kupendeza iko Gahanga, nje kidogo ya Kigali. Uwanja wa kriketi wa Rwanda, uliofunguliwa mwaka 2017, una jengo lililoezekwa kwa kuba tatu za vigae vyembamba vya udongo ulioshindiliwa na kuchanganywa na saruji kidogo, bila kuchomwa. Kuba hizo hazina mihimili. Umbo lake ndilo linalobeba uzito, na kati ya tabaka za vigae umewekwa wavu wa kuzisaidia tetemeko likipita. Vigae vilitengenezwa hapo nchini kwa mikono ya watu waliofundishwa kazi hiyo. Tunaitaja ili kamati ijue kwamba udongo si vifaa vya maskini. Hata hivyo kuba zinataka fundi mwenye mazoezi na msimamizi asiyetoka eneo la ujenzi, na mfuko wa mtaa mara nyingi hauna hao.

Kwa mitaa mingi ya pwani, basi, tunashauri kenchi za chuma zilizochovywa zinki kiwandani na kufungwa kwa boliti. Chuma kikichomelewa hapohapo, zinki huungua penye maungio, na hapo ndipo hewa ya chumvi huanza kula. Kilichofungwa kwa boliti kinaweza kufunguliwa, kubadilishwa kipande, hata kuhamishwa jengo likihamishwa. Hiyo nayo ni sehemu ya uendelevu ambayo haisemwi sana.

Mabati sasa. Dukani mtaambiwa geji 30 inatosha na bei yake ni tamu. Geji ikiwa namba kubwa, bati ni jembamba. Kwa jengo la kimo hiki karibu na bahari, ulizeni geji 26 au 24, yenye mchanganyiko wa alumini na zinki, na rangi nyeupe au ya maziwa. Bati lililokolea rangi juani linaweza kupita nyuzi 60, na joto hilo hushuka moja kwa moja kwenye vichwa vya watu hata kama hewa inapita. Rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua. Nyekundu na kijani ni rangi nzuri sana kwa jezi.

Chini ya bati kuwe na tabaka la kuzuia joto na kelele. Hili kamati hulikata kwanza bajeti ikibana, na ndilo wanalolijutia kwanza, kwa sababu mvua ya masika kwenye bati tupu humfanya mwamuzi apulize filimbi isiyosikika. Tabaka hilo lisiwe la kushika moto kirahisi. Makuti na mikeka ni mizuri machoni, ila chini ya paa la watu mia mbili, Zimamoto watakataa na watakuwa sahihi.

Hewa moto hupanda. Mkiacha mwanya mrefu kwenye mgongo wa paa, mahali ambapo kwa kawaida hukaa kofia, na kuufunika kwa kipaa kidogo kilichoinuliwa, hewa moto itatoka juu na ya baridi itaingia chini, hata siku ambayo hakuna upepo. Mwanya huohuo huleta mwanga wa mchana bila jua la moja kwa moja. Msiweke mabati ya kupitisha mwanga juu ya uwanja: baada ya miaka michache yanapauka na kupasuka, na kabla ya hapo yanachora mistari ya jua sakafuni.

Wanaotafuta kielelezo cha nyumbani waende Kariakoo wakatazame juu. Soko lile la miaka ya 1970, kazi ya msanifu Beda Amuli, limefunikwa kwa miavuli mikubwa ya zege iliyobebwa na nguzo kama miti, na hewa ikipita chini yake. Amuli alielewa kwamba umati wa watu wa Dar es Salaam unahitaji kivuli kirefu chenye pumzi.

Jambo la mwisho kuhusu paa, na ndilo la hatari zaidi. Jengo lililo wazi pande zake huingiza upepo chini ya paa, na upepo huo husukuma kwenda juu wakati ule wa nje unavuta. Mapaa mengi ya shule yanayoezuliwa kila mwaka hayakuangushwa na uzito wake, yaliinuliwa. Mwulizeni mhandisi mbele ya watu wote: paa hili limefungwaje na msingi? Akianza kueleza uzito wa mabati, mwulizeni tena.

Maji yanayoanguka bure

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la ukumbi wetu, pamoja na penu zake, lina mita za mraba 1,160 hivi. Dar es Salaam hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, kwa hiyo hata mkipoteza moja ya tano, paa hilo lina uwezo wa kukinga zaidi ya lita laki tisa. Hamtazihifadhi zote, wala hamhitaji. Mvua ya milimita 20 kwa siku moja inaleta karibu lita 18,500. Simtanki tano za lita 10,000 zitajaa kwa mvua tatu za namna hiyo.

Maji hayo ni ya vyoo, kusafishia na kumwagilia miti. Kuwe na kifaa cha kumwaga maji ya kwanza ya kila mvua, yale yanayobeba vumbi na kinyesi cha kunguru. Kwa kunywa, yachemshwe au yatibiwe, au mtumie ya bomba. Matangi yakijaa, ziada iongozwe kwenye mtaro au shimo la kunyonya, isimwagikie kwa jirani. Sakafu iinuliwe angalau sentimita 45 juu ya ardhi inayozunguka, na zaidi kama mtaa wenu umewahi kuonekana kwenye taarifa ya habari ya mafuriko.

Kuta chache, baraza ndefu

Kwenye pande ndefu, badala ya majukwaa ya chuma, jengeni baraza. Kimo cha sentimita 45, upana wa kukalia watu wawili mgongo kwa mgongo, chini ya upenu. Anayetazama ndani anatazama mechi. Anayetazama nje anacheza bao au anasubiri zamu. Baraza huzuia mpira usitoroke, huzuia pikipiki isiingie, na kwa gharama ndogo huwapa wazee sababu ya kuwapo. Ukumbi ambao wazee wanakaa hauvunjwi taa.

Juu ya baraza, hadi mita mbili na nusu hivi, wekeni matofali ya matundu au luva, kisha wavu hadi juu. Upande wa kusini, ambako mvua za masika huja na upepo, luva ziinamishwe vizuri.

Kwa kuta za ncha na vyumba, fikirieni matofali ya udongo-saruji ya kufungamana, yale yaliyotangazwa sana na wakala wa taifa wa utafiti wa nyumba na vifaa vya ujenzi nchini Tanzania (NHBRA). Hayachomwi, kwa hiyo hayali kuni, na yanahitaji udongo wa aina inayofaa pamoja na saruji kidogo. Saruji duniani inachangia kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa-ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Popote mnapoipunguza bila kudhoofisha jengo, mmefanya jambo. Kwenye msingi na jamvi msiipunguze.

Sakafu, vyoo na milango

Sakafu ya mbao ni ndoto ya kila mchezaji wa kikapu, na pwani ni chakula cha mchwa na unyevu. Zege lililosawazishwa vizuri, lenye tabaka la mpira na rangi maalumu juu yake, huokoa magoti na hukaa. Terazo na vigae vya kung'aa msivikubali hata vikitolewa bure. Vikilowa jasho ni hatari.

Vyoo vya wasichana viwe na mlango wake, taa yake na maji yake, na njia ya kuvifikia isipite nyuma ya jengo wala mbele ya kijiwe cha vijana. Tumeona kumbi nzuri ambazo wasichana waliziacha ndani ya mwaka mmoja kwa sababu ya hatua ishirini za giza kati ya uwanja na choo. Chumba cha kubadilishia kiwe na kitasa kinachofungwa kwa ndani na ndoo ya taka yenye mfuniko.

Mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu unachezwa kwenye uwanja uleule, kwa hiyo mchezaji wake lazima aweze kuingia. Kwa kila sentimita 1 ya kupanda, njia mteremko iwe na urefu usiopungua sentimita 12: sakafu ya sentimita 45 inataka mita 5.4 za mteremko, pamoja na mahali pa kupumzikia na vishikio. Mlango mmoja wa choo uwe na upana wa sentimita 90. Milango ya kutokea iwe miwili au zaidi, mbali mbali, na yote ifunguke kwenda nje.

Kiwanja na karatasi

Maeneo mengi ya wazi ya miji yetu yamemezwa na maduka, na ukumbi ukijengwa kwenye ardhi isiyo na hati utafuata njia hiyohiyo. Kabla ya kuchangisha hata shilingi moja, pateni kwa maandishi kutoka halmashauri matumizi ya kiwanja kwa mujibu wa mpango wa eneo. Kwa Tanzania Bara, kibali cha ujenzi hutoka halmashauri. Michoro isainiwe na msanifu aliyesajiliwa na bodi ya wasanifu na wakadiriaji (AQRB) na mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi (ERB). Mkandarasi awe amesajiliwa na bodi ya makandarasi (CRB). Ulizeni baraza la taifa la mazingira (NEMC) kama mradi unahitaji tathmini ya mazingira, na wapelekeeni Zimamoto michoro mapema, kabla ya jamvi kumwagwa. Mdogo wa fulani aliyesomea ujenzi si mhandisi wa paa la mita 22, hata kama anaheshimika mtaani.

Baada ya kukata utepe

Ukumbi utaombwa kwa harusi. Mtakubali, kwa sababu harusi zinalipa na mpira wa pete haulipi. Wekeni masharti mapema: mazulia ya kufunika sakafu, hakuna kupika ndani, hakuna misumari, na siku za Jumatatu hadi Ijumaa ni za michezo pekee. Mapato yaende kwenye akaunti ya matengenezo yenye watia saini watatu, mmoja wao akiwa mwanamke kutoka vilabu vya wasichana. Paneli za jua za kilowati 5 zinaweza kulipia taa kwa miaka mingi, lakini betri zina umri wake, na betri mpya inatoka kwenye akaunti hiyohiyo.

Fundi apande juu mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Februari kabla ya masika, na mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli. Asafishe gata, akaze skrubu zilizolegea, apake rangi ya zinki palipokwaruzika, azibue bomba za matangi, na aandike kwenye daftari la kamati kila alichokikuta, pamoja na gharama yake.